Malalamiko Kuhusu Mahari ya Misonobari Kumi na Miwili

Zephania Nyamhanga,
Ghorofa ya Tisa, Barabara ya Kipling,
Rexdale, Toronto.

14 Oktoba 2013

Kwa Ndugu Yusuph Mtandika,
Mshenga,
Agincourt.

Ndugu Mshenga,

YAH: MAHARI ISIYOTEMBEA, ISIYOZAA NA ISIYOUZIKA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi. Leo ni sikukuu huku na ni sikukuu nyumbani, ghala letu limefungwa, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa mezani na kuandika jambo ambalo kwa simu umekuwa ukilikwepa kwa kusema uko ndani ya treni na sauti inakatika.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Agosti mwaka 2010 kijana Takumi Hirose, Mjapani, fundi wa kompyuta, alileta posa ya kumwoa binti yangu Abigael. Sina la kumlaumu kwa utaratibu. Alikutafuta wewe uwe mshenga, akaleta barua ndani ya bahasha, akaishika kwa mikono miwili, akasubiri jibu wiki mbili nzima bila kupiga simu. Nikapanga mahari ya ng'ombe kumi na wawili, kama marehemu baba alivyopanga kwa dada zangu kule Tarime. Kijana akaomba alipe fedha zinazolingana na ng'ombe hao, kutoka kwenye mshahara wake. Nikakataa. Nilisema, na muhtasari wa kikao unao wewe, kwamba binti yangu haondoki kwa fedha taslimu kama jokofu, na kwamba ng'ombe ni ng'ombe. Ndipo kijana akampigia simu baba yake, mzee Hirose, ambaye ni mkulima wa miti ya bustani katika mkoa wa Chiba, huko Japani. Yaliyofuata ndiyo yananileta mbele yako, na nimeyapanga kwa namba ili baadaye mtu asije akasema hakuyaelewa.

1. Kuhusu maelezo yako ya ng'ombe ni nini.

Mzee Hirose, kwa haki kabisa, aliuliza kupitia kwa mwanawe: huyo ng'ombe wa mahari ni wa nyama au wa maziwa? Hili lilikuwa swali la kujibiwa na mtu aliyewahi kumshika ng'ombe. Wewe, Ndugu Mshenga, umezaliwa Tanga mjini, na maziwa ulikuwa unaletewa na baiskeli. Ulipaswa kuniachia mimi. Badala yake ulikohoa, ukaweka kikombe chini, ukasema maneno haya ambayo niliyasikia kwa masikio yangu: "Ng'ombe wa mahari si wa kuchinja. Anasimama pale nyumbani, wapita njia wanamwona, wanajua binti wa hapa ameolewa kwa heshima. Na kadiri anavyokaa, ndivyo thamani yake inavyoongezeka."

Kijana akatafsiri. Kisha mzee Hirose akasema kwamba kitu cha namna hiyo anacho, anacho shamba zima, na kama baba wa binti hatachukia, kesho yake asubuhi atakwenda kuchagua kumi na viwili.

Mimi nilidhani amepata ng'ombe. Nilitikisa kichwa kukubali. Wiki moja baadaye zikaja picha za misonobari.

2. Kuhusu kutotembea.

Mahari hupelekwa kwa baba wa binti. Hiyo ni sheria ya kwanza. Ng'ombe ana miguu minne kwa ajili hiyo. Misonobari yangu, kila mmoja una urefu wa mita nne na donge la mizizi ambalo halipiti kwenye mlango wa lifti yetu. Nilipima. Nilipiga simu ofisi inayohusika na mimea kutoka nje ya nchi, nikaongea na dada mmoja mpole sana, akaniambia udongo wa nje hauruhusiwi hata kijiko kimoja, na kwamba msonobari kutoka kule nisijisumbue hata kujaza fomu. Nikamweleza kwamba ni mahari. Akaniuliza nirudie neno hilo. Nikarudia, nikamweleza maana yake, akanipongeza kwa kupata mkwe, kisha akasema bado ni hapana.

Kwa hiyo mimi, mfanyakazi wa ghala karibu na uwanja wa ndege, ninayemiliki kwa jina viti sita, televisheni moja na gari lenye mlango usiofunguka, ni mwenye miti kumi na miwili katika nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Gerishon, yule Mkenya wa zamu yangu, kila asubuhi tukivaa viatu vya kazi ananiuliza, "Mzee, ng'ombe zako zimeota majani?" Watu wote wa zamu wanacheka, hata wale wasiojua Kiswahili.

3. Kuhusu kutozaa.

Hili nalitaja kwa kifupi kwa sababu linajieleza. Miaka mitatu imepita. Ng'ombe kumi na wawili, hata tukihesabu kwa upole na kuacha wawili wafe kwa ugonjwa, leo wangekuwa zaidi ya ishirini, wako Tarime kwa mdogo wangu, wanakunywa maji mtoni. Misonobari ilikuwa kumi na miwili, na ni kumi na miwili. Nilimwandikia mzee Hirose kuuliza kama haitoi hata mbegu. Akajibu kwamba inatoa, ila mche unaoota leo utafaa kuuzwa mwaka 2045 au zaidi, na akaniuliza kwa adabu kama ningependa aanze.

4. Kuhusu bei, ambayo inashuka kadiri mali inavyonenepa.

Ndugu Mshenga, wewe ndiye uliyesema thamani inaongezeka. Soma basi aliyoniandikia mwenye mali mwenyewe, maana mzee huyu hana uongo, na hilo nalo ni tatizo.

Miti hii aliipanda mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya kuoa. Alikunja mashina yake ikiwa michanga, kwa mianzi na kamba, ili yapinde vizuri. Kila mwaka majira ya kuchipua anavunja chipukizi kwa vidole, moja moja, na kila mwaka baridi ikikaribia anang'oa majani ya zamani kwa vidole, moja moja. Mti mmoja unaweza kula siku nzima ya mtu mzima. Ukiuacha miaka mitatu bila kuushika, unapoteza umbo lake, unakuwa kuni. Alipoipanda, kila aliyejenga nyumba kule alitaka bustani mbele, na msonobari mmoja wenye tawi linalopita juu ya lango. Msonobari mzuri uliweza kununua gari. Kwa hiyo kijiji kizima kilipanda, na kila mtu akawa anangoja.

Ilipofika siku ya kuvuna, watu walikuwa wameacha kujenga bustani. Siku hizi, anasema, mbele ya nyumba mpya panawekwa saruji, ya kuegesha magari mawili. Kijana akirithi nyumba yenye msonobari anaita watu waukate, kwa sababu kumlipa fundi wa kuupunguza kila mwaka kunamshinda. Mti mdogo bado una mnunuzi. Mkubwa hauna, kwa sababu kuuchimba, kuufunga mizizi kwa magunia na kukodi lori la kreni ni gharama kuliko mti wenyewe. Maisha yangu yote sijawahi kusikia mfugo unaopungua bei kwa kunona. Nilipanga mahari ya kuheshimika, na sasa nasikia anayeichukua inabidi alipwe.

5. Kuhusu kutunziwa.

Hapa ndipo aibu inapoanzia, na naomba usome polepole. Mzee Hirose anatimiza miaka sabini na mitano mwakani. Mgongo wake ni mbovu. Lakini kila mwaka anapanda ngazi, mara mbili, kwenye kila mmoja wa miti yangu, anavunja chipukizi zangu na kung'oa majani yangu, kisha ananiletea taarifa ya maandishi. Kila mti una kibao chenye namba, na chini ya namba jina langu kwa herufi zao. Mti wa nne ulipata wadudu, umetibiwa. Mti wa tisa tawi la kusini limekuwa zito, limeegemezwa. Mwishoni anaomba radhi kwa usumbufu.

Sasa niambie, wewe unayejua mila: wapi umesikia mkwe anapandishwa ngazi na mkwe mwenzake? Kwetu, mkwe akiingia nyumbani unasimama. Unamtafutia kiti. Huwezi kukaa Rexdale unakunywa chai huku mkwe wako, mzee wa kukuzidi miaka kumi na mitatu, yuko juu ya ngazi anahangaikia mali yako bure. Nilimwandikia aache. Akajibu kwamba angeacha kwa furaha kama ingekuwa yake. Kwa hiyo napendekeza rasmi anitoze kodi ya shamba na ujira wa kazi, ili nipate cha kukataa kulipa na tuwe na ugomvi wa kawaida kama wakwe wengine.

6. Kuhusu kabichi.

Mwaka jana mzee Hirose alikata shauri. Kati ya miti mia sita, alikodi mashine akang'oa mia nne, akaichoma, akapanda kabichi, kwa sababu kabichi inauzwa mwaka huohuo inapopandwa. Picha ya moto ule niliigeuza kifudifudi mezani, nakuambia ukweli. Mtu amekuvunjia chipukizi kwa vidole miaka thelathini na minane, kisha anakuwasha.

Lakini katikati ya kabichi kuna kitu kimesimama. Ni misonobari kumi na miwili. Trekta inafika pale inaizunguka. Takumi aliniambia kwamba majirani walimuuliza baba yake kwa nini anaharibu mistari ya shamba, naye akawajibu kwamba ile si yake, ni ya mkwe wake wa Kanada, na mkwe wake bado hajasema kama ameipokea. Kijiji kizima cha watu nisiowajua kinaniona mimi kama mtu asiyejibu barua. Nimepoteza jina zuri mahali ambapo sikuwa nalo hata kidogo. Nadai fidia, ila sijajua ni kwa nani.

7. Kuhusu kutouzwa, na kuhusu kuuzwa.

Mwezi Juni mambo yaligeuka. Wanunuzi kutoka China na Vietinamu wameanza kuzunguka vijijini kule wakitafuta misonobari mikubwa ya zamani, ile ile iliyokuwa haitakiwi. Wanaiosha mizizi, wanaikagulisha, wanaipakia kwenye makontena. Dalali alisimama kwenye kabichi, akaitazama miti yangu, akataja bei ya mitano. Mzee Hirose akamwambia hawezi kuuza mifugo ya mtu mwingine. Alitumia neno hilo, mifugo. Umemfundisha wewe.

Kwa mujibu wa malalamiko namba nne ningepaswa kufurahi. Lakini fikiria na mimi. Miti ikiuzwa, mahari itakuwa imelipwa kwa fedha nyingi, na sitakuwa na hoja. Pia biashara ya miti mikubwa ikifufuka, ile mia mbili iliyobaki itahitaji mtu mwenye mgongo mzima. Mtu huyo ni Takumi, mtoto wa pekee. Ameshaaga kazini. Anarudi Japani mwezi wa nne, na ameniambia kwa heshima zote kwamba angependa kujua kabla ya mwaka kuisha kama anaondoka peke yake.

Kwa hiyo nalalamika kwamba miti haiuziki, na nalalamika pia isije ikauzwa. Yote mawili yaingie kwenye kumbukumbu.

8. Kuhusu lugha.

Hili sikutaka kuliandika, lakini kalamu iko mkononi. Abigael aliletwa huku ana miaka mitatu. Tangu siku hiyo namsemesha Kiswahili. Ananielewa kila neno, hata nikinong'ona, na ananijibu kwa Kiingereza. Miaka ishirini na sita. Nimezoea, sikuwahi kumlaumu, alikuwa anacheza na watoto wa hapa.

Tangu Februari amekuwa akienda darasa la Kijapani baada ya zamu yake hospitalini. Jumamosi iliyopita taarifa ya mwaka ya mzee Hirose ilifika, na Takumi hakuwepo kututafsiria. Abigael akaichukua, akakaa pale kwenye kochi, akaisoma. Alikwama mara mbili tatu, akatazama kamusi, akaendelea. Na kwa kuwa ilikuwa ni mimi ninayesomewa, alikuwa anaitoa kwa Kiswahili. Mti wa kwanza, mzima. Mti wa pili, mzima. Mti wa tatu, umekuwa. Kiswahili chake kina makosa, lakini ni chetu. Sikumsahihisha hata mara moja. Niliogopa atanyamaza.

Naliweka hili kama malalamiko kwa sababu sijui pa kuliweka kwingine.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Mosi, wewe Ndugu Mshenga utozwe faini ya mbuzi mmoja kwa kueleza jambo usilolijua kwa ufasaha kupita kiasi. Pili, misonobari ifutwe kwenye kumbukumbu, na upande wa kijana ulete ng'ombe kumi na wawili wenye kwato, wakabidhiwe kwa mdogo wangu Tarime mbele ya mashahidi. Tatu, kama hilo haliwezekani, basi tufuate maelezo yako yalivyo. Ulisema thamani inaongezeka kadiri mali inavyokaa. Nimemuuliza mzee Hirose msonobari unafikia lini ubora wake, akasema ukitunzwa vizuri unapendeza kuanzia miaka themanini. Miti yangu itafikia umri huo mwaka 2054. Sioni sababu ya kupokea mahari mbichi. Napendekeza harusi ifanyike mwaka huo, mwezi wowote ambao ukumbi utapatikana. Abigael atakuwa na miaka sabini, umri wa busara, na hakuna atakayesema tulimwoza haraka. Nitashukuru kama utamfikishia mzee Hirose pendekezo hili kwa lugha ya staha.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisalimie mzee Roshanali wa duka la viungo, mwambie ule mchele wa mara ya mwisho ulikuwa na mawe. Wasalimie wote waliokuwepo kwenye kikao, na wale ambao hawakuwepo lakini wamekuwa wakilizungumzia jambo hili zaidi kuliko waliokuwepo. Mke wangu Otilia naye anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia.

Ni mimi, ninayeheshimu vikao hata vinaponiumiza,

Zephania Nyamhanga
Baba mzazi wa Abigael

Tanbihi:

Otilia sasa anajua. Amenikuta natafuta stempu, akachukua barua, akaisoma yote akiwa amesimama, mwiko mkononi. Nilidhani atanisifia kwa ile hoja ya 2054. Akaniuliza jambo moja tu: "Hao ng'ombe angewafuga nani? Mdogo wako ana duka la simu."

Ni kweli. Aliacha kufuga mwaka 2004. Hata zizi hakuna, amejenga vyumba vya kupangisha. Nilijua hivyo siku ya kikao.

Yusuph, ndugu yangu, nikuambie sasa maana nikingoja kesho nitapata malalamiko mengine. Niliomba ng'ombe kwa sababu nilijua yule mzee hana. Nilikataa fedha kwa sababu kijana alikuwa nazo. Nilitaka kitu ambacho hawawezi kukileta, waone aibu, waondoke taratibu, na mtoto wangu abaki Toronto ninapoweza kumfikia kwa basi. Sikumtegemea mtu atakayeamka asubuhi, aende shambani kwake, anichagulie kumi na viwili vilivyo bora kuliko vyote, na asiniulize hata mara moja kwa nini miaka mitatu sisemi kama nimepokea.

Mwandikie leo. Barua yangu usiitafsiri. Mwambie mahari nimeipokea yote, haina kasoro, na samahani kwa kuchelewa. Wakitaka kuuza mitano, wauze, ni ya watoto. Tarehe ya harusi waseme wao.

Abigael yuko jikoni na mama yake, nawasikia wanacheka. Sijamwambia. Naomba uje umwambie wewe, ndiyo kazi ya mshenga. Mimi nikianza sitaweza kumaliza.